Umri wa paneli ya perovskaiti umo katika plastiki inayoifunika

Kila mara habari za perovskaiti, dutu ya fuwele inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, zinapoandikwa, takwimu inayotangulizwa ni ile ya ufanisi. Mwaka 2009 seli ya kwanza ya jua iliyotumia dutu hiyo iligeuza asilimia 3.8 ya nishati ya mwanga kuwa umeme; leo seli ndogo za maabara zimepita asilimia 26, na zile ambazo perovskaiti huwekwa juu ya silikoni, dutu ya paneli za kawaida, zimepita asilimia 34. Mimi ninayeandika kutoka Lubumbashi, kusini mwa Kongo, niliyesomea polima (dutu za minyororo mirefu ya molekuli, kama plastiki na mpira) na ninayeendelea kuzifanyia kazi, naiheshimu takwimu hiyo lakini siiweki mbele. Mtu wa Katuba au wa Ruashi, mitaa ya mji huu, anayenunua paneli moja kwa akiba ya miezi kadhaa haulizi asilimia. Muuzaji mmoja wa soko la Kenya, mtaa mwingine wa Lubumbashi, aliniambia hivyo bila kuzunguka: “Papa, batu banauliza tu miaka.” Kwa perovskaiti, jibu la swali hilo halimo katika fuwele zenyewe. Limo katika plastiki, gundi na mpira vinavyozifunika, yaani katika upande wa kazi ambao waandishi wengi huupitia kwa sentensi moja.

Perovskaiti ya kwanza kujulikana ilikuwa jiwe. Mwaka 1839 Gustav Rose, mtaalamu wa madini kutoka Ujerumani, alieleza madini ya kalisi, titani na oksijeni yaliyotoka katika milima ya Ural, akayaita kwa heshima ya Lev Perovski, mkubwa mmoja wa serikali ya Urusi. Dutu tunazozitumia katika umeme wa jua hazina kalisi wala titani. Zimerithi mpangilio tu. Atomu ya risasi hukaa katikati ya atomu sita za iodini zilizopangwa katika umbo lenye nyuso nane. Maumbo hayo huungana ncha kwa ncha, na katika uwazi unaobaki kati yao hukaa ioni kubwa zaidi, ambayo yaweza kuwa sesiamu, au molekuli ndogo yenye kaboni na naitrojeni kama methilamoniamu au fomamidiniamu. Mpangilio huu una sharti la vipimo. Ioni iliyomo katika uwazi ikiwa ndogo mno au kubwa mno, maumbo hayo hupinda au hutengana, na fuwele nyeusi inayofyonza mwanga hugeuka kuwa nyingine ya manjano isiyofaa kwa umeme. Victor Goldschmidt alitoa kanuni ya kukadiria jambo hilo mwaka 1926, na wanakemia bado wanaitumia wanapochagua cha kuchanganya na nini.

Kinachowavutia watafiti ni wepesi wa kuitengeneza. Silikoni lazima iyeyushwe kwa nyuzi 1,414 za Selsiasi, ivutwe polepole mpaka iwe gogo la fuwele moja, kisha ikatwe vipande vyembamba. Perovskaiti ya risasi na iodini huyeyushwa katika kimiminika, hutandazwa juu ya kioo, na hugeuka fuwele juu ya bamba lenye nyuzi 100 hivi, joto lisilozidi sana lile la maji ya bukari (ugali) yanayochemka jikoni. Tabaka lake huwa na unene wa nusu maikromita tu, ilhali kipande cha silikoni huwa na zaidi ya maikromita 100, kwa sababu perovskaiti hufyonza mwanga kwa nguvu zaidi sana. Tena huvumilia kasoro: pengo au atomu iliyokaa pasipo mahali pake, ambayo katika silikoni ingezinasa elektroni na kuzipoteza, hapa mara nyingi haileti hasara kubwa.

Wepesi huo ndio chanzo cha udhaifu wake. Fuwele inayojengeka kutoka kwenye kimiminika kwa nyuzi 100 hubomoka nayo kwa nishati ndogo. Seli ile ya mwaka 2009, iliyotengenezwa na Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Yokohama, ilikuwa na kimiminika ndani yake, na kimiminika hicho kiliila perovskaiti ileile iliyokuwa ikifanya kazi. Mwaka 2012 kundi la Nam-Gyu Park wa Korea Kusini pamoja na Michael Grätzel wa Uswisi, na kundi jingine la Henry Snaith wa Oxford, yaliweka dutu yabisi mahali pa kimiminika, ufanisi ukafika karibu asilimia 10, na hapo ndipo mbio zilipoanza. Lakini kuondoa kimiminika kulitatua nusu tu ya shida, kwa kuwa maji ya hewani yalibaki palepale. Molekuli za maji hujipenyeza kati ya maumbo yale, hushikamana na methilamoniamu, na fuwele hufunguka. Kinachosalia ni iodidi ya risasi, ambayo ni ya manjano. Mtu hahitaji chombo chochote kuliona jambo hili, kwa sababu filamu, yaani tabaka jembamba, iliyokuwa nyeusi asubuhi huonekana na mabaka ya manjano yanayoanzia pembezoni. Joto nalo lina kazi yake, maana kuanzia nyuzi 85 hivi methilamoniamu huanza kutoroka hata pasipo maji, na ndiyo sababu watengenezaji wengi wamehamia fomamidiniamu na sesiamu. Mwanga ukikutana na oksijeni huleta uharibifu wa namna nyingine.

Polima huingia katika habari hii kwa milango miwili, na mlango wa kwanza uko ndani ya seli yenyewe. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba plastiki ni za kuzuia umeme tu. Katika maabara ya Hideki Shirakawa huko Japani, mtafiti mgeni aliweka kichocheo mara elfu moja zaidi ya kipimo, na badala ya unga mweusi ikatokea filamu ya poliasetileni inayong’aa kama fedha. Mwaka 1977 Shirakawa, akiwa na Alan MacDiarmid na Alan Heeger huko Marekani, alionyesha kwamba filamu ya namna hiyo ikipitishiwa mvuke wa iodini huongeza upitishaji wake wa umeme mara mamilioni. Mnyororo wa kaboni wenye vifungo viwili na kimoja kwa kupokezana huziruhusu elektroni kusambaa katika urefu wake, na iodini, kwa kunyang’anya elektroni chache, huacha nafasi tupu ambazo zilizobaki zinaweza kusogelea. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000.

Hapa kuna jambo ambalo kwangu ni kejeli kubwa ya kemia hii. Iodini iliyozifungulia polima njia ya umeme ndiyo hiyohiyo inayozitesa seli za perovskaiti. Ioni za iodidi hazitulii mahali pake. Umeme na mwanga huzisukuma, nazo hupita katika tabaka la polima, hufika kwenye elektrodi ya fedha, na kuigeuza iodidi ya fedha. Seli hufa kwa ndani bila tone la maji kuingia. Kwa hiyo polima ya ndani inatakiwa kufanya kazi mbili zinazovutana, yaani kuzipitisha chaji na kuzizuia ioni. Politriarilamini na politiofeni huifanya kazi hiyo kwa viwango tofauti, na kwa kuwa haziungani na maji, huikinga pia fuwele iliyo chini yake. Nyingine inayotumika sana ni PEDOT iliyochanganywa na PSS, ambayo ilianza kama dawa ya kuzuia umeme tuli kwenye filamu za picha. Hiyo ina asidi, tena huvuta unyevu. Kuilaza dutu inayovuta maji ubavuni mwa dutu inayoogopa maji ni uamuzi ninaouona wa ajabu, ingawa sababu zake nazielewa: inapatikana ikiwa tayari, hutandazwa kwa maji, na hukauka kwa joto dogo.

Zipo pia polima zisizopitisha umeme kabisa ambazo husaidia kwa kuwa nyembamba mno. Tabaka la akriliki, ileile ya vioo vya plastiki, likiwa la nanomita chache tu huziba kasoro za juu ya fuwele, na elektroni huvuka. Mwaka 2016 watafiti walichanganya polithilini glaikoli ndani ya perovskaiti yenyewe. Filamu ikinyunyiziwa maji iligeuka manjano, na baada ya muda mfupi ikarudi kuwa nyeusi, kwa sababu mnyororo wa polima uliyashika maji na kuizuia methilamoniamu isitoroke. Ni jaribio la kupendeza kulitazama, ila sidhani kwamba paneli ya juu ya nyumba itajengwa juu ya msingi huo.

Mlango wa pili ni wa nje, nao ndio ninaoufanyia kazi. Paneli ya kawaida ya silikoni imefungwa ndani ya EVA, plastiki laini inayopashwa nyuzi 140 hadi 150 ili ishikamane na kioo. Historia yake ina somo ambalo watu wa perovskaiti hawalitaji vya kutosha. Katika mwongo wa 1980, kwenye uwanda wa Carrizo huko California, kulijengwa kituo kikubwa cha umeme wa jua ambacho vioo vya kuakisi viliongezwa ili kuzidisha mwanga unaofika kwenye paneli. Silikoni haikuwa na shida. EVA ndiyo iliyogeuka kahawia kwa joto na miale ya urujuanimno, na umeme ukapungua. Hiyo ni silikoni, inayostahimili karibu kila kitu. Kwa perovskaiti EVA ina kosa la ziada, kwani ikikaa na unyevu na joto hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo hufungiwa ndani pamoja na fuwele isiyoipenda. Joto la kuifunga nalo ni kubwa mno kwa aina nyingi za perovskaiti.

Kwa sababu hiyo watafiti wengi wamegeukia poliisobutilini, jamaa wa mpira wa butili unaotumika kutunza upepo ndani ya matairi. Minyororo yake imesongamana kiasi kwamba gesi na mvuke hupita kwa shida sana, haitoi asidi, na hubanwa mahali pake kwa joto dogo zaidi. Hutandazwa kama mkanda kuzunguka pembezoni mwa vioo viwili, seli ikiwa katikati. Kioo hakipitishi maji, kwa hiyo vita yote huhamia kwenye mkanda huo mwembamba. Wanaotaka paneli za kukunjika, zilizofunikwa kwa filamu za plastiki badala ya kioo, wana mzigo mzito zaidi: filamu ya kawaida ya PET, plastiki ya chupa za maji, hupitisha gramu kadhaa za mvuke wa maji kwa kila mita ya mraba kwa siku, na perovskaiti inahitaji kiasi kisichozidi sehemu ya elfu moja ya gramu, pengine hata chini ya hapo. Filamu zinazofikia kiwango hicho zipo, lakini bei yake huifuta ile sifa ya unafuu iliyotufanya tuipende perovskaiti.

Kipimo cha uimara wa paneli kinachotumika kimataifa huitwa IEC 61215. Paneli huwekwa saa 1,000 katika nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, na nyingine hupitishwa mara 200 kati ya nyuzi 40 chini ya sifuri na nyuzi 85. Lubumbashi, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, haifikii ncha zozote za vipimo hivyo, lakini ina mtindo wake. Kiangazi cha Juni na Julai huanza na alfajiri zenye baridi kali kwa Mkongo wa huku, na ifikapo adhuhuri paneli iliyo juu ya mabati huwa haigusiki kwa mkono; hali hiyo hujirudia siku baada ya siku kwa miezi, bila tone la mvua. Plastiki hupanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya kioo, na perovskaiti vilevile, kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni matabaka huvutana kidogo. Kisha, kuanzia Oktoba au Novemba, mvua huja. Mkanda ulioachia kioo kwa upana wa unywele wakati wa kiangazi hugeuka mfereji. Kipimo cha maabara hutenganisha joto la unyevu na mzunguko wa baridi na joto katika paneli tofauti, au hukifanya kimoja baada ya kingine kwa haraka. Mpangilio wetu wa miezi ya kuchosha gundi kikavu na kisha miezi ya kuilowesha ndio ninaotamani kuuona ukipewa nafasi katika majaribio.

Risasi nayo lazima izungumziwe, hasa katika mji huu. Hesabu yake ni rahisi: tabaka la nusu maikromita kwenye mita moja ya mraba lina uzito wa gramu 2 hivi, na theluthi yake ni risasi, yaani gramu 0.7. Betri moja ya gari ina risasi ya kilo kadhaa, na betri hizo hufunguliwa na watu kwa nyundo katika nyua za nyumba. Wanaotetea perovskaiti huishia kwenye ulinganisho huo. Mimi naona haujakamilika, kwa sababu iodidi ya risasi huyeyuka katika maji, karibu gramu 0.76 kwa lita kwenye nyuzi 20, na kioo kilichovunjika juu ya paa ambalo maji yake hukingwa kwa ndoo ni jambo la kawaida kwetu. Hata hapa polima ndizo zinazotegemewa: mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walifunika seli kwa filamu zinazoshika risasi kikemia, na seli zilipovunjwa makusudi na kuloweshwa, zaidi ya asilimia 96 ya risasi iliyovuja ilinaswa. Ningependa filamu ya namna hiyo iwe sharti katika nchi inayonunua paneli kwa rejareja.

Nitoke njiani kidogo. Kaboni, silikoni, jerimani, bati na risasi zimo katika safu moja ya jedwali la elementi, na safu hiyo karibu yote iko chini ya miguu yetu. Kipushi, mgodi uliofunguliwa mwaka 1924 kilomita 30 hivi kutoka mjini, ulitoa shaba na zinki zilizoambatana na risasi na jerimani. Mlima mweusi wa mabaki ya tanuru, kando ya bomba refu la moshi ambalo kila mgeni wa Lubumbashi hulipiga picha, bado una jerimani ndani yake, elementi ileile iliyotengenezewa transista ya kwanza mwaka 1947. Bati la Manono linachimbwa tangu enzi za ukoloni, na oksidi yake leo ndiyo tabaka linalopokea elektroni katika seli nyingi bora za perovskaiti. Wapo hata wanaotaka bati lishike nafasi ya risasi katika fuwele, ila huoksidika haraka mno na ufanisi wake bado uko nyuma. Wanafunzi wangu hufurahi wakisikia haya, nami huwaacha wafurahi kabla ya kuwaeleza kwamba madini yakisafirishwa yakiwa ghafi hayamfundishi mtu kutengeneza seli.

Perovskaiti hutengenezewa pia taa za LED, ambazo zilianza kuwaka katika joto la kawaida mwaka 2014 huko Cambridge, na vitambuzi vya miale ya eksirei, kwa kuwa risasi na iodini ni nzito na huizuia miale hiyo vizuri. Hizo sizifuatilii kwa karibu.

Kazi yangu mwenyewe haihitaji seli kamili. Filamu nyembamba ya metali ya kalisi inayong’aa hufungiwa kati ya vioo viwili kwa mkanda unaochunguzwa. Maji yakipenya, kalisi hugeuka hidroksidi isiyo na rangi, na sehemu hiyo ya kioo huwa wazi. Mtu hupima kwa rula jinsi mpaka wa uwazi unavyosogea kuelekea katikati. Mwendo huo hufuata kanuni ya msambao: muda wa maji kuvuka mkanda huongezeka kwa mraba wa upana wake, kwa hiyo mkanda wa milimita 10 hulinda mara nne zaidi ya ule wa milimita 5.

Sasa mtu achukue kanuni hiyo aende nayo sokoni. Mwaka 2024 kampuni ya Oxford PV ilianza kuuza paneli kubwa zenye perovskaiti juu ya silikoni, zikiwa na ufanisi wa asilimia 24.5, kwa mteja wa umeme wa gridi huko Marekani. Kwenye paneli ya mita 1 kwa mita 1.6, mkanda wa sentimita 1 pande zote hula asilimia 3.2 ya eneo, na mtengenezaji haumii. Lakini paneli zinazotoka haraka katika masoko ya Kenya na Katuba ni ndogo, za kuwasha taa na kuchaji simu. Kwenye paneli ya sentimita 30 kwa 30, mkanda uleule hula karibu asilimia 13, na seli zenye ufanisi wa asilimia 25 hubaki na 21.8 kwa paneli nzima, kiwango ambacho silikoni nzuri hukifikia bila kuhitaji mkanda mpana kiasi hicho. Mtengenezaji akiupunguza mkanda hadi nusu sentimita ili apate tena asilimia zake, kinga hushuka hadi robo. Anayenunua paneli ndogo ndiye atakayebeba hasara ya uamuzi huo, na kwenye lebo hataona chochote, kwani lebo huandika wati tu. Msimu huu wa mvua vioo vyangu vya kalisi vitakaa juu ya paa la mabati vikiwa na mikanda ya upana tofauti, baadhi vikiwa vimepitia kiangazi chote hapohapo na vingine vikitoka kabatini, ili nione kama ule mraba wa upana bado unashika baada ya gundi kuchoshwa na Julai.